Mikono Iliyochoka

(Mazungumzo ya ibada redioni. Masomo: Kutoka 17:8–13, Luka 13:10–17, Marko 3:1–6)

Ninyi mlioketi barazani, ninyi mlio jikoni, na wewe uliyelala kitandani na redio kando ya mto, karibuni tuzungumze kidogo.

Leo nataka kunena na akina mama, na hasa akina mama wa Bofu na majirani zao wa Mtongwe, Timbwani, Shika Adabu na Likoni yote. Akina baba, msizime redio, maana neno hili lina fungu lenu pia. Nataka kunena juu ya mama aliyeugua kansa, yaani saratani, akatibiwa, akarudi nyumbani. Habari za mgonjwa aliye hospitalini tumezisikia mara nyingi. Habari za maziko tumezisikia mara nyingi zaidi. Lakini huyu aliyerudi nyumbani akiwa hai, ni nani anayenena habari zake?

Tuanze na Neno. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17, tunasoma jinsi Waisraeli walivyopigana na Waamaleki huko Refidimu. Yoshua alikuwa bondeni na jeshi. Musa alikuwa juu ya kilima, na fimbo ya Mungu mkononi. Alipoinua mkono wake, Israeli walishinda. Alipoushusha, Amaleki walishinda. Lakini mikono ya Musa ilikuwa mizito. Alikuwa mzee, naye alichoka. Basi Haruni na Huri walifanya nini? Walitwaa jiwe, wakaliweka chini yake, akaketi. Kisha wakasimama huku na huku, mmoja kuume na mmoja kushoto, wakaitegemeza mikono yake, ikathibitika mpaka jua lilipokuchwa.

Sasa angalieni jambo moja ambalo twalipita upesi tukisoma habari hii. Haruni na Huri hawakumwambia Musa, “Mzee, umechoka, shuka ukalale hemani, fimbo tutaishika sisi.” La. Mikono iliyoinuliwa siku ile ilikuwa mikono ya Musa mwenyewe. Wao walimpa kiti, wakamkaribia ubavuni, wakamsaidia kufanya kile ambacho peke yake asingeweza. Huo ndio msaada. Uko msaada unaoinua mkono wa mtu, na uko msaada unaoufunga. Yote miwili huja kwa upendo, lakini matunda yake si sawa.

Mfikirie mama mmoja wa Bofu. Simtaji jina, maana yeye ni wengi. Alitibiwa kansa ya titi. Alivuka feri asubuhi nyingi kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, akirudi jioni huku kichefuchefu kimemshika, na ule mteremko wa feri aliokuwa akiupanda bila kufikiri sasa akaupanda kwa kupumzika mara tatu. Alikatwa titi. Alitiwa dawa kali mshipani, nywele zikaanguka. Siku moja daktari akamwambia kwamba matibabu yale makubwa yamekwisha, arudi baada ya miezi mitatu kuangaliwa. Akafunga leso yake, akarudi nyumbani akimshukuru Mungu.

Wanawake wa kanisa wakaja. Mungu awabariki, walikuja kweli. Mmoja alileta unga, mwingine alichota maji, mwingine alifua. Na kila aliyeingia alisema maneno yale yale: “Mama, pole. Kaa. Usiguse kitu. Mkono huo usiuinue.” Mwezi wa kwanza hilo lilikuwa jema. Mwezi wa pili wageni wakapungua, lakini maneno yakabaki. Sasa ni mwaka wa pili. Mama huyu bado amekaa. Mbuzi ya kukunia nazi amempa binti yake. Sima husongwa na mtoto. Mkono umekuwa mgumu begani, hawezi kufunga sidiria wala kuanika nguo kambani. Kanisani huketi kiti cha nyuma karibu na mlango, na kifuani amejaza kitambaa ili watu wasitambue. Usiku halali. Mchana amechoka, ingawa hajafanya kazi. Naye anajiuliza, “Mungu aliniponya ili niwe nini?”

Wapenzi wasikilizaji, swali hilo si dogo. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu zaidi ya 44,000 nchini Kenya waligunduliwa kuwa na kansa katika mwaka mmoja. Kwa wanawake, zinazoongoza ni kansa ya titi na ile ya mlango wa kizazi. Wengi, kwa huzuni, hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Lakini wako wanaopona, nao wanazidi kuongezeka. Mama akitibiwa mapema anaweza kuishi miaka mingi. Tutamwacha miaka hiyo yote akae kwenye kiti cha nyuma?

Hebu nieleze kidogo jinsi mkono ule ulivyofikia hali ile, kwa maana mtu akijua sababu, woga hupungua. Daktari anapoondoa titi lenye kansa, mara nyingi huondoa pia tezi za kwapani. Tezi hizo ni kama vituo katika mifereji midogo sana ipitishayo maji ya mwili. Zikiondolewa, au zikipigwa mionzi, maji yaweza kukwama, na mkono ukavimba. Mifereji hiyo haina moyo wa kuisukuma kama damu ilivyo na moyo. Misuli inapojikunja na kujinyosha, ndipo maji yanapopata nguvu ya kupanda. Kwa hiyo mkono uliofungwa kwa huruma hukosa msaada ule ambao Muumba aliuweka ndani ya mwili wenyewe. Tena kovu lisiponyoshwa hukaza, na bega hukaza pamoja nalo.

Zamani madaktari nao waliogopa. Kwa miaka mingi wanawake waliokatwa titi waliambiwa wasibebe kitu kizito wala wasifanye kazi ya kurudiarudia kwa mkono ule, wasije wakavimba. Ushauri ule ulitolewa kwa nia njema, lakini haukuwa umepimwa. Walioanza kuupima, wengine wao walikuwa wanawake wagonjwa wenyewe.

Mwaka 1952, katika mji wa New York, mama mmoja aitwaye Terese Lasser alikatwa titi. Baada ya hapo akaanza kwenda hospitalini kuwatembelea wanawake wengine waliotoka kukatwa. Aliwapelekea mpira mdogo na kamba, akawafundisha kuunyosha mkono. Wako madaktari waliochukizwa kuona mwanamke asiye daktari akiingia wodini na kamba yake. Lakini mwaka 1969 chama kikubwa cha kupambana na kansa cha Marekani kiliipokea kazi yake, nayo imeenea nchi nyingi. Tazameni jinsi ilivyoanza: mwanamke mmoja kando ya kitanda cha mwenzake.

Kisha mwaka 1996, huko Vancouver, Kanada, daktari wa wanamichezo aitwaye Don McKenzie aliwakusanya wanawake 24 waliokuwa wameugua kansa ya titi. Akawapandisha katika mashua ndefu ya Kichina, ambayo wapiga makafi 20 huketi wawiliwawili, mpiga ngoma mbele, mshika usukani nyuma. Ninyi watu wa Pwani mwajua kupiga kafi ni kazi ya namna gani. Inataka bega, inataka mgongo, nayo hurudiwa mara mia na mara elfu. Ndiyo kazi ile ile waliyokatazwa. Dr. McKenzie aliwaandaa polepole, akawapima mikono. Mwaka 1998 aliandika habari yao katika jarida la madaktari wa Kanada: hapakuwa na hata mmoja aliyepata uvimbe mpya. Walipata nguvu, wakapata na kitu kingine kisichopimika kwa utepe, yaani wenzao. Leo zipo timu za namna hiyo katika nchi nyingi.

Mwaka 2009 mtaalamu wa Marekani, Kathryn Schmitz, alitoa habari za wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kuvimba. Nusu yao waliinua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo sana, mbele ya mwalimu, wakiwa wamevaa soksi ya mkono ya kubana. Nusu nyingine waliendelea kama kawaida yao. Baada ya mwaka mmoja, wale wa vyuma hawakuvimba kuliko wenzao. Tena waliozidiwa na uvimbe walikuwa 14 katika kila 100 kati yao, na 29 katika kila 100 kati ya wale wengine. Uzito ulioongezwa kwa utaratibu haukuwadhuru. Uliwalinda.

Je, mazoezi yanaongeza maisha? Mwaka 2005 wataalamu walitangaza matokeo ya kuwafuatia wauguzi wanawake 2,987 wa Marekani waliougua kansa ya titi. Waliotembea kiasi cha saa 3 hadi 5 kwa wiki, kwa mwendo wa kawaida tu, walikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa ugonjwa ule kuliko waliokaa. Na mwaka 2025 ikatolewa habari ya wagonjwa 889 wa kansa ya utumbo mkubwa, wanaume na wanawake, waliofuatiwa baada ya kumaliza dawa. Sehemu moja walipewa mwalimu wa mazoezi kwa miaka 3. Wengine walipewa kijitabu cha maelezo. Baada ya miaka 5, katika kila 100 wa kundi la mwalimu, 80 walikuwa hai na ugonjwa haukurudi. Katika kundi la kijitabu walikuwa 74. Ndugu zangu, watu 6 katika kila 100 ni akina mama wangapi? Ni watoto wangapi waliobaki na mzazi?

Tena sikieni: kundi la kijitabu nao walijua kwamba mazoezi ni mema. Waliandikiwa. Lakini kujua si kutenda. Waliopata faida kubwa ni wale waliopata mtu wa kuwangoja, kuwauliza habari zao, na kutembea nao. Hata sisi mahubiri twasikia kila Jumapili. Tofauti huonekana pale ndugu anapobisha hodi Jumatatu na kusema, “Twende.”

Hapa kwetu Kenya wako walioliona hilo. Kule Nairobi, tangu mwaka 2010, Faraja Cancer Support imekuwa ikiwapokea wagonjwa na jamaa zao na kuwapa ushauri na huduma za kuutuliza mwili na moyo bila malipo. Lakini Nairobi ni mbali na Bofu. Mama hawezi kupanda basi usiku kucha ili akanyoshe mkono. Swali langu kwenu ni hili: ni nini kinachotuzuia kuwa na kundi dogo hapa hapa? Halihitaji jengo wala mashine. Linahitaji uwanja wenye kivuli, viti vichache, chupa za maji, na wanawake watano wenye nia. Kidole kimoja hakivunji chawa, nasi twajua kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Basi nitawapa utaratibu mfupi. Mwenye kalamu aandike.

Neno la kwanza: muulize daktari au muuguzi wako siku ya kliniki. Mwambie, “Nataka kufanya mazoezi. Ni nini nisichoweza kufanya?” Usione haya kuuliza. Ikiwa hospitalini yuko mtaalamu wa mazoezi ya viungo, omba upelekwe kwake. Aliyeambiwa kwamba kansa imeingia mifupani asiruke wala asiinue vizito bila ushauri. Aliye katikati ya dawa kali, siku ambayo ana homa au kizunguzungu, apumzike.

Neno la pili: anza na kutembea. Wiki ya kwanza dakika 10 zatosha. Wiki ya pili ongeza kidogo. Lengo ambalo wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana, wakalitoa mwaka 2019, ni dakika 30, mara 3 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuipa misuli nguvu mara 2 kwa wiki. Walisema kiasi hicho hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni. Kipimo cha mwendo ni rahisi: uweze kuzungumza na jirani yako, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Na kwa joto letu hili la Pwani, tembeeni alfajiri au jioni upepo unapovuma, na kila mtu awe na maji yake.

Neno la tatu: mkono. Simama mbele ya ukuta, uweke vidole, vipande polepole kama mjusi, mpaka pale unaposikia kuvutwa. Pumua. Shuka. Weka alama ya chaki pale ulipofika, na wiki ijayo utazame kama umeipita. Zungusha mabega mbele na nyuma. Fumba ngumi na kufumbua. Pitisha kamba juu ya boriti, shika ncha hizi mbili, mkono mzima uuvute ule mgonjwa kwenda juu. Mkono ukizoea, chukua chupa ndogo ya maji ya nusu lita, uinue mara 10. Kisha keti kitini na kuinuka bila kushika kitu mara 10, maana miguu nayo imedhoofika. Kuvutwa kidogo si vibaya. Maumivu makali ni onyo, acha.

Neno la nne ni kwa akina mama waliotibiwa kansa ya mlango wa kizazi. Ninyi mara nyingi mwasahauliwa, maana ugonjwa wenu watu huona haya kuutaja. Kwenu kinachovimba huenda kikawa mguu, na wengine hushindwa kuzuia mkojo. Kwa sababu hiyo mmeacha kwenda kanisani, mmeacha kupanda matatu. Liko zoezi la kubana misuli ile ya chini, kama mtu azuiaye mkojo, kuhesabu hadi tano na kuiachia, mara kadhaa kila siku. Hufanywa hata ukiwa umeketi, na hakuna mtu atakayejua. Mwulizeni muuguzi awafundishe vizuri. Mficha uchi hazai, walisema wazee.

Neno la tano: jilinde. Mkono usio na tezi usiungue jikoni wala usikatwe na kisu ovyo. Ukipata jeraha, lioshe mara moja. Ukiona pete au bangili inakubana ghafula, au mkono umekuwa mwekundu na wa moto, au umepata homa, usingoje Jumapili tukuombee. Nenda hospitali siku ile ile, nasi tutakuombea ukiwa njiani.

Na hapo naomba niseme wazi, kwa upendo. Mazoezi si badala ya dawa. Yako matibabu ya vidonge ambavyo mama aliyekuwa na kansa ya titi huamriwa kuvimeza kila siku kwa miaka 5, pengine 10. Mtu asije akakuambia, kwa kuwa umeombewa, uvitupe. Twaamini kwamba Mungu huponya. Lakini Mungu huyo huyo ndiye aliyempa daktari akili, na mti utomvu, na misuli nguvu ya kusukuma maji. Imani haimwoni Mungu katika muujiza peke yake na kumkana katika kidonge. Wala asitokee mtu kumwambia mama huyu kwamba kansa yake ni laana au adhabu ya dhambi fulani. Wanafunzi walimwuliza Yesu swali kama hilo juu ya kipofu tangu kuzaliwa, naye akalikataa.

Sasa turudi katika Neno. Luka sura ya 13 yatuambia habari za mwanamke aliyepindana, asiyeweza kujiinua kabisa, kwa muda wa miaka 18. Alikuwa wapi? Alikuwa ndani ya sinagogi. Ni ajabu kufikiri! Sabato ngapi ziko katika miaka 18? Ni zaidi ya 900. Yamkini watu walikwisha kumzoea. Walijua ni “yule mama mwenye mgongo”, wakampisha njia, wakaendelea na ibada. Yesu alimwona, akamwita, akaweka mikono juu yake, naye akanyoka. Na mkuu wa sinagogi alikasirika! Aliona utaratibu wa siku umevunjwa, asione kwamba binti wa Ibrahimu amefunguliwa.

Wakristo wenzangu, je, katika kanisa letu yuko mama tuliyemzoea kiti cha nyuma? Na mtu akisema, “Jumamosi uwanja wa kanisa utumike kwa mazoezi ya akina mama hawa,” sisi tutajibu nini? Tutasema kwamba uwanja ni wa ibada tu? Tutasema si heshima mama mtu mzima kuruka na kunyosha mikono? Tutafute lililo la heshima zaidi: mgongo ulionyoka au mgongo uliopinda.

Tena Marko sura ya 3. Mtu mwenye mkono uliopooza alikuwa katika sinagogi. Yesu alimwambia asimame katikati ya watu. Kisha akamwamuru aunyoshe mkono wake. Hakuunyosha Yesu. Aliunyosha mtu yule mwenyewe, mbele ya wote, nao ukawa mzima. Jambo lile lile ambalo hakuweza, ndilo aliloamriwa, na katika kutii akapewa nguvu. Yesu hakumfichia pembeni. Alimleta katikati, pale ambapo sisi huona haya kusimama.

Ndiyo maana nasema kundi. Mama akiwa peke yake chumbani na kamba yake, siku ya tatu ataitundika. Lakini akiwa katikati ya wengine, atakuja hata siku ambayo hakutaka, kwa kuwa anajua wanamngoja. Pale hahitaji kujaza kitambaa kifuani, maana jirani yake wa kuume naye hana titi, na jirani wa kushoto naye nywele zake ndiyo kwanza zinaota. Pale atamwona mwenzake aliyetibiwa miaka 8 iliyopita, anene, acheke, akune nazi, naye atajua kwamba miaka 8 inawezekana. Hakuna daktari awezaye kuandika dawa hiyo katika karatasi. Na siku ambapo mmoja wao ugonjwa unarudi, kwa maana wakati mwingine hurudi, na hatupaswi kudanganyana, hatalia peke yake. Watakaa naye. Atatembea hatua atakazoweza, na asipoweza, wao watatembea mpaka kwake.

Neno jingine kwa watu wa Bofu. Mtaa wetu si wa Wakristo peke yao. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na kansa haiulizi mtu anasali wapi. Mnapoanza kundi hili, mwiteni na mama Mwislamu wa nyumba ya pili. Chagueni mahali ambapo naye ataona vyema kuja, pengine uwanja wa shule au ua wa nyumba wenye ukuta, mbali na macho ya wapita njia. Aje na buibui lake, wala msimtegee mahubiri kama mtego. Msamaria mwema hakumwuliza majeruhi dini yake kabla ya kumfunga jeraha.

Nanyi akina baba, nilisema mna fungu lenu. Mkeo akivaa raba alfajiri, usimcheke kwamba mama mzima anakwenda kukimbiakimbia. Amka, washa jiko, uwape watoto chai. Mwambie, “Nenda, mama watoto, wenzako wanakungoja.” Kama kovu lake hujaliangalia tangu atoke hospitali, siku moja mwombe ruhusa uliangalie, usigeuze uso. Wako waume waliokimbia nyumba zao kwa sababu ya kovu. Wewe uliapa mbele ya madhabahu, katika afya na katika ugonjwa. Kuwa Huri. Simama upande mmoja, na kanisa lisimame upande wa pili.

Na ninyi viongozi wa ushirika wa akina mama, Jumapili ijayo msingoje mpaka mtafute fedha wala mwenyekiti wala kadi za uanachama. Mtafuteni mama mmoja tu. Mwendee nyumbani, wala usimchukulie ndoo mkononi. Mwambie, “Mama, nimekuja tutembee mpaka kona ile na kurudi.” Akikataa, keti naye unywe chai. Kesho yake rudi. Polepole ndio mwendo. Mmoja akipata wa pili, na wa pili akipata wa tatu, hapo mtakuwa kundi, hata kama halina jina.

Nawe mama unayenisikiliza, uliyeko kitandani au kwenye kiti cha nyuma, hukuponywa ili uwekwe kabatini kama chombo cha udongo kilichopata ufa. Vita vya Refidimu vilipiganwa mpaka jua kuchwa, na mikono iliyochoka ndiyo iliyotumiwa. Wako usiuonee haya. Uinue kidogo leo, kesho uinue zaidi kidogo. Ukichoka, twaa jiwe uketi, kisha uinue tena, nasi tutakushika.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyeuumba mwili huu kwa njia ya ajabu, twakushukuru kwa akina mama waliotoka katika bonde la ugonjwa wakiwa hai. Wape nguvu katika mikono, uimara katika miguu, na usingizi usiku. Waondolee aibu isiyo yao. Wabariki madaktari na wauguzi wanaowahudumia. Sisi tulio wazima utupe macho ya kumwona aliyezoeleka, na subira ya kutembea kwa mwendo wake. Wale ambao ugonjwa umewarudia, uwe karibu nao, wala usituache tuwakimbie. Tunaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.